Kali, Koko na Shenzi: Mbwa wa Kale na Majina Yake Katika Thika na Ruiru

Apitaye katika vitongoji vya Ruiru, kuanzia Kimbo hadi Membley, kisha akashika barabara hadi Makongeni na Section 9 mjini Thika, hukutana tena na tena na maneno mawili yaliyoandikwa langoni kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Mwanafunzi wa Kiswahili huyatazama maneno hayo kwa jicho la mkaguzi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai. Kwa hiyo, ijapokuwa umbo la nomino hiyo ni la ngeli ya N, upatanisho wake ni ule wa viumbe: mbwa mkali, mbwa wangu, mbwa huyu. Kibao hicho kimepigwa mstari mwekundu wa mwalimu katika madarasa mengi, na mjadala ukaishia hapo.

Hata hivyo, kosa la kisarufi si jambo kubwa lililomo katika kibao hicho. Lugha ya mitaa hiyo humtambua mbwa kwa vivumishi viwili tu. Aliye ndani ya lango ni kali. Aliye nje ya lango ni koko. Yuko wa tatu, aliye mkongwe kuliko hao wote na ambaye damu yake imo ndani ya hao wawili, naye hana jina la heshima katika Kiswahili cha leo. Ajabu ni kwamba mbwa wa jamii hiyohiyo hutafutwa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi, akiitwa kwa jina ambalo Mswahili akilisikiliza vizuri atalitambua kuwa ni lake: basenji.

Neno mbwa

Neno mbwa ni la kale sana. Wanaisimu linganishi wamelirejesha katika Kibantu cha awali kwa shina *-bua, na ushahidi wake ungali hai: Waganda husema embwa, Wanyarwanda na Waluhya imbwa, wasemaji wa Kilingala mbwa. Neno linapopatikana kwa umbo moja kutoka mto Kongo hadi Ziwa Nyanza na pwani ya Bahari ya Hindi, huwa ni dalili kwamba wasemaji wa lugha mama walikuwa nalo kabla hawajatawanyika, na aliye na neno aghalabu huwa na kitu chenyewe. Mbwa basi ni miongoni mwa wanyama waliofuatana na Wabantu katika uhamaji wao.

Thika, hata hivyo, huleta utata wenye ladha. Mji huo uko mahali ambapo nchi ya Wagikuyu inapakana na nyika inayoelekea Ukambani, na hakuna kati ya majirani hao wawili anayetumia shina la -bua. Mgikuyu husema ngui, Mkamba husema ngiti, na Mchaga, aliye mbali kidogo upande wa kusini, husema kite. Sokoni Thika, mbwa mmoja aliyelala chini ya meza ya nyanya huwa na majina matatu kabla hajaamka. Ni vigumu kudhani kwamba jamii hizo zilimsahau mbwa kisha zikamkumbuka upya. Lililo karibu na ukweli ni kwamba neno la zamani liliwekwa kando. Kama ilikuwa ni kwa sababu ya mwiko, au ya mawasiliano na jamii za wafugaji na wawindaji waliotangulia kuikalia nchi hiyo, ni swali linalomstahili mtafiti wa isimu historia aliye tayari kukaa na wazee.

Sayansi ya chembechembe za urithi imeongeza jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambao ulichunguza mifupa ya mbwa wa kale kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba mbwa wa Afrika kusini mwa Sahara wana uhusiano wa karibu na mbwa wa kale wa eneo la Mashariki ya Kati. Mbwa hakutokana na mbwa mwitu wa Afrika, yule mwenye madoadoa anayewinda kwa makundi katika mbuga. Huyo ni wa jamii nyingine kabisa. Babu wa mbwa wa kufugwa ni mnyama wa nchi za kaskazini, naye Kiswahili humwita pia mbwa mwitu, jambo ambalo limewapotosha wasomaji wengi wa hadithi zilizotafsiriwa.

Jinsi tusi lilivyopata nasaba

Katika karne ya 19, jamii ya pwani iliwagawa watu kwa maneno mawili: mwungwana na mshenzi. Mwungwana alikuwa mtu wa mji, Mwislamu, mwenye nyumba ya mawe au angaa mwenye kuijua adabu ya watu wa nyumba hizo. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Neno hilo lilisafiri pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa hadi Tabora, Ujiji na Kongo ya mashariki. Huko lilipata viambishi vya wenyeji: katika Kilingala umoja ukawa mosenji na wingi basenji, kwa kuwa ba- ya lugha hiyo ndiyo wa- ya Kiswahili. Kwa hiyo basenji, tukilipima neno kwa mizani ya mofolojia, ni "washenzi". Halikuwa jina la mnyama hata kidogo. Lilikuwa tusi la wingi, la ngeli ya watu.

Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Uingereza. Walikuwa wadogo, wekundu, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa, ambao miili yao haikuuzoea. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua mbwa sita kutoka Sudan. Hao nao wakafa Uingereza. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ambapo Olivia Burn alifaulu kuwakuza, na mwaka 1937 mbwa wake wakawa kivutio kikubwa katika maonyesho yaleyale ya Crufts. Chama cha wafugaji mbwa cha Marekani kilimtambua basenji kama aina kamili mwaka 1943. Katika miaka ya 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walirudi Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa ili mbwa hao wa vijijini waandikwe.

Sifa zinazomtambulisha ni chache lakini za kipekee. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti ya kuviringa inayokaribia wimbo. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wa Ulaya kwa kawaida hupata mara mbili. Kwa kuwa huwinda kimya, wenyewe humfunga kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue alipo katika kichaka. Sifa hiyo ya mwisho si ya mwili wake. Ni ya utamaduni. Kengele ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyekaa, akamtazama mbwa wake, akaijua kasoro yake na kuitafutia dawa.

Wakati tusi hilo lilipokuwa likipanda daraja huko Kongo na London, katika nchi ya Kenya lilikuwa likiteremka. Masetla walilichukua shenzi likiwa kivumishi kisicho na kiambishi, wakalitia katika Kiingereza chao cha kikoloni kwa maana ya kitu hafifu, kisicho na mpango. Mbwa yeyote wa mwenyeji akawa shenzi. Neno hilo halijapumzika hadi leo: mwaka 1994 watengenezaji wa filamu ya The Lion King walimpa fisi jike jina la Shenzi, na watoto wa dunia nzima wakalijua neno la Kiswahili la dharau kabla hawajalijua la shukrani.

Mbwa asiye na manyoya

Ili kuona jinsi mbwa wa kale anavyoweza kupata bahati tofauti, inafaa kutazama mbali kidogo, huko Meksiko. Huko yuko mbwa asiye na manyoya aitwaye Xoloitzcuintli. Jina hilo ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, nalo limeundwa kwa maneno mawili: Xolotl, aliyekuwa mungu, na itzcuintli, yaani mbwa. Waazteki waliamini kwamba roho ya marehemu ilipokuwa ikielekea Mictlan, nchi ya wafu, ilifika mtoni, na ni mbwa aliyeivusha. Waswahili nao husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wazee wa pwani na makuhani wa Meksiko, ambao hawakupata kuonana, walimtazama mbwa akiogelea na kila mmoja akapata la kusema.

Baada ya Wahispania kuitwaa nchi hiyo, mbwa huyo alififia na kubaki katika vijiji vya mbali. Chama cha wafugaji mbwa cha Marekani kiliwahi kumwandikisha tangu karne ya 19, kikamfuta mwaka 1959, kisha kikamrejesha mwaka 2011. Wachoraji Frida Kahlo na Diego Rivera walimfuga na kumchora, na katika miaka ya 1950 kundi la wapenzi wa mbwa lilikwenda vijijini kumtafuta ili mbegu yake isipotee. Peru, yenye mbwa wake asiye na manyoya, ilipitisha sheria mwaka 2001 ya kumtangaza kuwa urithi wa taifa.

Kukosa manyoya kwenyewe kuna kisa chake. Charles Darwin alikwisha kutaja mwaka 1859 kwamba mbwa wasio na manyoya huwa na meno yenye kasoro. Mwaka 2008 wanasayansi waligundua badiliko la jeni moja linalosababisha yote mawili, na likaonekana kuwa lilelile katika mbwa wa Meksiko, wa Peru na yule aitwaye wa Kichina. Kilebu akilirithi kutoka kwa mzazi mmoja, huzaliwa bila manyoya. Akilirithi kutoka kwa wote wawili, hafiki kuzaliwa. Ndiyo maana mbwa hao hawawezi kuzaa watoto walio uchi pekee. Katika karne ya 19 Wazungu waliwapa mbwa wa namna hiyo majina ya nchi yoyote iliyokuwa mbali: wa Kituruki, wa Kichina, wa Kiafrika. Hilo la mwisho lilikuwa jina tu. Hakuna jamii ya Afrika Mashariki iliyomjengea mbwa wa uchi itikadi, na mkazi wa Ruiru akimwona mbwa asiye na manyoya leo atajua kwamba ana upele na atamfukuza kwa jiwe.

Lakini imani inayomhusisha mbwa na mauti si ya Meksiko pekee. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, ameandika masimulizi ya mbwa aliyewajia watu akawaambia kwamba watakufa kama mwezi, lakini hawatarudi kama mwezi urudivyo, isipokuwa wampe maziwa ya kibuyu chao na pombe ya mrija wao. Watu walicheka. Wakammiminia kinywaji kigodani, naye akanywa, kisha akaondoka kwa hasira akisema kwamba watu wote watakufa na mwezi peke yake ndio utakaorudi. Tofauti ya masimulizi hayo na yale ya Meksiko ni ndogo lakini nzito. Huko mbwa ni mvushaji. Huku mbwa ni mjumbe aliyedharauliwa, na kosa halikuwa kumnyima kinywaji. Lilikuwa kumnyima kibuyu na mrija, yaani kumnyima nafasi ya kunywa pamoja na wengine.

Langoni mwa shamba

Thika ya masetla ilianza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hoteli ya Blue Posts ilijengwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya Chania, reli ikafika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge yakaenea hadi Ruiru. Ndipo lango lilipoingia katika historia ya mbwa. Katika boma la Mgikuyu au la Mkamba, mbwa alikuwa wa wote: alilinda, alifuatana na wavulana malishoni, na palipokuwa na windo alikwenda windoni. Methali ya Kiswahili inayosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia ilihifadhi mpangilio huo. Humo ukali ni sifa ya kazi, mbwa akiupata kwa bwana wake kwenye mawindo. Langoni mwa shamba la setla, ukali ukawa kitu kingine. Mbwa mkubwa kutoka Ulaya alifunzwa kumtofautisha mtu na mtu, na aliyetofautishwa alikuwa mfanyakazi.

Fasihi imelikumbuka jambo hilo kuliko vitabu vya historia. Katika riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat, iliyotolewa mwaka 1967, jibwa la Dkt. Lynd linapomvamia Karanja katika kituo cha utafiti, hofu yake inasema yote kuhusu nafasi ya mtu na ya mbwa katika nchi hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mbwa wa kunusa nyayo walitumiwa kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Si ajabu kwamba kizazi kilicholelewa miaka hiyo hakikumwona mbwa mkubwa kama rafiki wa mtu.

Hapo ndipo kibao cha langoni kinapopata maelezo yake. Wako wanaodai kwamba "mbwa kali" ni matokeo ya Kiswahili cha bara, ambacho huacha umbo la nomino litawale upatanisho, kama vile "mbwa yangu" inavyosikika kila siku mjini Thika. Wengine hulilaumu Kisetla, kile Kiswahili cha amri kisichojali viambishi. Maelezo ya kwanza yanatosha kwa sarufi. Ya pili yanatosha kwa lango, maana tangazo la namna hiyo halikuhitajika mahali ambapo jirani huingia bila kubisha.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sheria hiyo iliwaokoa wanyamapori wengi, na hakuna mwenye busara atakayeilaumu. Lakini kwa mbwa wa zamani ilikuwa kama kufutwa kazi. Hakubaki na lolote ila kulinda, na katika kulinda alishindwa na German Shepherd. Kisha miji ikavimba. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta Ruiru ikiwa na wakazi 238,858. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, mibuni ikang'olewa, vyumba vya kupanga vikasimama. Mbwa aliyezaliwa katika shamba la kahawa akajikuta katika jaa la taka.

Ruiru yenyewe si mgeni wa nasaba. Kituo chake cha utafiti wa kahawa kilitoa mwaka 1985 aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, ambayo wazazi wake wote wanajulikana na imebeba jina la mji huo hadi nje ya Kenya. Kuku naye amepata bahati yake: mchuuzi wa Thika akisema kuku ni wa kienyeji, bei hupanda, na mnunuzi hushukuru. Neno hilohilo likiwekwa mbele ya mbwa, bei huanguka hadi sifuri. Kivumishi ni kimoja. Aliyebadilika ni mnyama.

Gharama ya neno koko

Huenda mtu akauliza madhara yako wapi, maadamu mbwa hajui kusoma kamusi. Madhara yako katika kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na haujatoka tangu wakati huo. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, hakuna tiba, na waathiriwa wengi ni watoto. Lakini huzuilika: mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo unaoifungia miadi mwaka 2030.

Mbwa koko, kwa maelezo ya kamusi na ya mitaani, ni mbwa asiye na mwenyewe. Tafiti zilizofanywa Machakos, ng'ambo ya pili ya nyika kutoka Thika, zilionyesha kinyume: wengi wa mbwa wanaozurura wana kwao. Wanalala katika boma fulani, hula makombo ya jikoni fulani, na watoto wa hapo wanawaita kwa majina, Simba au Bosco au Tommy. Wanazurura kwa sababu hakuna lango. Jamii inapowaita koko, huwa imewavua wenyewe kwa neno moja, na siku ya chanjo kila mtu husubiri mwingine ampeleke. Halmashauri nazo, tangu enzi za mkoloni, zimekimbilia risasi na sumu kwa mnyama huyohuyo, ilhali mbwa waliouawa huacha nafasi inayojazwa upesi na wengine wasiochanjwa.

Ni kweli kwamba dini nayo huwa na neno. Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani, huosha mara saba, moja kwa udongo, chombo kilicholambwa na mbwa, na wapo wanaodhani kwamba dharau ya Waswahili kwa mbwa imetoka hapo. Dhana hiyo ni ya haraka. Kurani, katika Sura ya Al-Maida, imeruhusu windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa amelala kizingitini pa pango akiwalinda vijana wa Mungu. Najisi ni hukumu ya tohara. Haikumfanya mbwa kuwa hana mwenyewe. Ukoko wake ni wa mjini.

Siku za chanjo, watoto wa Kiganjo na Gatuanyaga huja na mbwa wao wamewafunga kamba za katani au vipande vya nyaya. Cheti cha chanjo huwa na nafasi ya jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi, umri na aina. Nafasi nne za kwanza hujazwa upesi, maana mtoto anajua yote. Ikifika ya tano, mwandishi humtazama mnyama mwekundu mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, kisha huandika: kienyeji.